Aliyechonga Majina ya Waheshimiwa

Alhamisi iliyopita nilikuwa kwa kinyozi wangu hapa Dodoma, upande mmoja wa kichwa umeshanyolewa na mwingine bado, simu ikaita. Alikuwa binti wa rafiki yangu mmoja, fundi wa kuchonga mawe, na si kawaida yake kunipigia asubuhi. "Shikamoo baba mdogo," alisema, na kabla sijaitikia akaendelea, "Mzee ametutoka. Tunamzika leo baada ya alasiri, huku huku nyumbani." Nyumbani kwao ni milimani, upande wa Kondoa, na wao ni Waislamu, maiti kwao haisubiri watu wenye shughuli. Nilimwambia kinyozi aache palepale alipofika. Akanitazama kwa huruma, akavua barakashia yake akanivika, nami nikaenda kumzika rafiki yangu nikiwa na kichwa nusu nusu chini ya kofia ya kuazima. Najua marehemu angeniona vile angecheka mpaka akohoe. Miezi hii ya mwisho hata kucheka kulikuwa kunamkohoza.

Wengi wenu mmesoma kazi zake bila kumjua. Kama umewahi kusimama mbele ya darasa, kisima, stendi au hata choo cha shule katika mkoa huu, ukaona jiwe la marumaru ukutani, maandishi yamepakwa rangi ya dhahabu, likikuarifu kwamba mheshimiwa fulani ameweka jiwe la msingi, basi huenda ulikuwa unausoma mkono wake. Karakana yake ilikuwa kibanda cha mabati nyuma ya soko, na ndani mlikuwa na marundo mawili. Kulia aliweka mawe ya makaburi, kushoto mawe ya msingi. "Hawa wa kulia wameshamaliza kusema," aliniambia siku ya kwanza tulipokutana, akinyoosha kidole cheupe kwa vumbi. "Hawa wa kushoto ndio kwanza wanaanza." Serikali ilipohamia huku, rundo la kushoto likapanda hadi likafika dirishani. Jirani zake walimwambia ana bahati. Yeye alisema ana kifua.

Nilifika kwake kwa ajili ya rundo la kulia. Mama yangu alikuwa amefariki, nami nikiwa mtu wa kalamu nilikwenda na karatasi iliyojaa pande zote mbili: mama mpendwa, mcha Mungu, mkarimu, nguzo ya ukoo, na mengine ambayo leo nikiyakumbuka nasikia aibu. Fundi alikuwa akitoza kwa herufi. Kila herufi iliyoongezeka ilikuwa chakula kwake, kwa hiyo nilitarajia akenue meno. Badala yake alichukua penseli aliyokuwa ameichomeka sikioni, akaanza kukata. Alikata mkarimu, akakata nguzo, akakata mpaka nikahisi anamkata mama mwenyewe. "Mwandishi," aliniambia, "jiwe halipendi maneno mengi. Weka jina lake, mwaka aliokuja, mwaka aliokwenda. Waliomjua wanajua. Wasiomjua hawatakuamini." Nilinuna njia nzima. Lakini jiwe la mama ndilo pekee pale makaburini ambalo sijawahi kutamani kulifuta neno, na kuanzia siku hiyo nikawa napita karakanani kila wiki, nakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, namtazama akigonga tindo na kuwasema wateja wake.

Wateja wa kushoto hawakatwi neno. Kulikuwa na mmoja ambaye nitamwita mheshimiwa tu, kwa sababu cheo chake akikisikia hapa atajitambua, na asipojitambua watu wake watamtambulisha. Jina lake halikuandikwa peke yake hata siku moja. Lilitanguliwa na Mheshimiwa, likafuatwa na Daktari, udaktari wa heshima kutoka chuo ambacho sijakutana na mtu aliyewahi kukiona, kisha Mhandisi, kisha mlezi wa vijana, mlezi wa akina mama wajasiriamali, mlezi wa timu ya mpira na mlezi wa kwaya. Mtu analea kila kitu isipokuwa ahadi zake. Fundi alikuwa na desturi ya kuandika kila jiwe kwanza kwenye karatasi ya kaki, kwa ukubwa wake kamili, ndipo anakili kwenye marumaru. Karatasi hizo hakuzitupa. Alizikunja na kuzichomeka ndani ya mabomba ya plastiki ya maji, moja baada ya nyingine. Siku moja alinifungulia bomba moja likawa na karatasi nne za jengo moja, mgeni rasmi tofauti kila mara, na jengo lenyewe bado halina mlango. Nimesoma ripoti nyingi katika kazi yangu hii. Sijaona iliyosema ukweli kwa ufupi kama yale mabomba.

Na tukubaliane kwamba desturi yenyewe ni ya ajabu. Nchi hii jiwe la msingi haliwekwi msingini. Msingi huchimbwa na wanakijiji, mawe hubebwa na wanawake kichwani, maji huchotwa na hao hao, kuta zinapanda mpaka kwenye lenta, juu ya madirisha, kwa kile tunachokiita nguvu za wananchi, halafu ndipo anakuja mtu aliyevaa viatu vinavyong'aa, anavuta kamba, kitambaa cha satini kinaanguka, na tunaambiwa yeye ndiye ameweka msingi. Vigelegele vinapigwa na wale wale waliouchimba. Fundi alihudhuria sherehe hizo nyingi kwa kuwa ndiye aliyekuwa akilifunga jiwe ukutani, na alikuwa na tabia moja: kabla ya kuugusa ukuta, alitazama juu. Kama kulikuwa na paa alifunga kazi yake akaondoka. Kama aliona mawingu, alitikisa kichwa, kisha akafunga hivyo hivyo, kwa sababu alikuwa na watoto wa kulisha kama sisi sote.

Mara moja tu katika maisha yake aliamini. Kijijini kwake, huko milimani, watu waliamua kujenga zahanati. Ni mahali ambapo mgonjwa hushushwa hadi barabara ya lami kwa pikipiki au kwa kitanda cha kamba, na wengine hawafiki. Walijenga boma kwa miaka miwili, wakafika kwenye lenta, nguvu ikaisha. Kuta zilikuwepo, walichokosa ni kenchi za paa na mabati. Mheshimiwa akasema atakuja kuweka jiwe la msingi na kuleta mabati siku hiyo hiyo. Fundi alilichonga jiwe lile bila malipo, na vyeo vyote akaviweka bila kukata hata kimoja. Alichagua marumaru bora kuliko zote alizokuwa nazo, na herufi alizizamisha kina mara mbili ya kawaida. Nilimuuliza kwa nini anajitesa vile. Akaacha kugonga, akaniambia, "Mwandishi, hawa wenzetu wanasahau kwa sababu tunawaandikia juu juu. Huyu nitamwandika ndani kabisa. Kila atakapopita pale ataona jina lake limezama ukutani, ataona haya, atamaliza kazi." Alisema hivyo bila kutania. Mtu aliyechonga uongo wa watu miaka yote hiyo, na bado aliweza kufikiri kwamba herufi ikizama vya kutosha inamfunga mwenye jina! Ni kosa ambalo mchonga mawe peke yake angeweza kulifanya, na nampenda kwa ajili yake.

Siku ilipofika mabati yalikuja kweli. Yalikuwa ya bluu, yamepangwa juu ya lori, na mwenyekiti wa kijiji, mtu mwenye kumbukumbu nzuri, akamwomba Fundi ayaandike jina la kijiji yasije yakapotea. Fundi akaandika kwa rangi nyeupe, bati moja moja, upande wa chini ili asiharibu bluu yao. Mheshimiwa akapiga picha na mabati. Akapiga picha na jiwe. Akala ubwabwa na nyama ya mbuzi, akawaambia akina mama kwamba mwaka ujao watajifungulia palepale. Jioni, hema lilipokuwa likikunjwa, msaidizi wake akatangaza kwamba mabati yanarudishwa mjini kwa ajili ya usalama, hadi fundi wa kenchi apatikane. Watu wakasaidia kuyapakia. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Waliyapakia wenyewe, kwa mikono ile ile iliyobeba mawe, na wakalisukuma lori lilipokwama kwenye mchanga.

Mwaka uliofuata Fundi aliitwa kwenye nyumba mpya ya kulala wageni hapa mjini, mali ya shemeji yake mheshimiwa. Walitaka jiwe zuri la mlangoni. Fundi akafika, akasimama barazani, na kwa mazoea yake akatazama juu. Baraza halikuwa na dari. Juu ya kichwa chake, bati kwa bati, kwa rangi nyeupe na kwa mkono wake mwenyewe, aliona jina la kijiji chake. Mwenye nyumba akamkaribisha soda. Fundi akamwambia kifua kimembana, hataweza kazi ile, akatoka bila kuinywa. Alikuja moja kwa moja ofisini kwangu, akanisimulia. Alikuwa na hasira ya mtu aliyeibiwa na kufanywa asaini. Siku chache baadaye alirudi kijijini kuling'oa jiwe, wanawake wakamzuia. "Liache hapo hapo," walimwambia. "Sisi mwizi wetu tunataka abaki ameandikwa."

Sasa nifike kwenye aibu yangu, maana siwezi kumsema mheshimiwa nikajiruka. Niliandika habari ile katika safu hii. Baadhi yenu huenda mnaikumbuka, ingawa sidhani, kwa sababu haikuwa na cha kukumbukwa. Niliandika kwamba baadhi ya viongozi wasio waaminifu katika baadhi ya maeneo wamekuwa wakikwamisha baadhi ya miradi ya wananchi. Nilijiona jasiri. Fundi aliisoma akiwa karakanani, gazeti amelishika mbali kidogo na uso kama wafanyavyo watu wa umri wake, akafika mwisho, akalikunja. "Nzuri sana," akasema. "Sasa niambie, Mwandishi, huyu Baadhi anakaa mtaa gani? Maana mimi nimeona nyumba ya shemeji yake." Nilicheka. Mwenzangu alikuwa akiandika majina kamili kwa tindo na nyundo, herufi moja moja, mimi nina kalamu nyepesi na nimeshindwa kuandika hata moja. Wala leo sijaliandika, kama mnavyoona. Sheria za magazeti ni kali na mhariri wangu ana watoto. Lakini leo angalau natamka kwamba naogopa, kuliko kujificha nyuma ya Baadhi.

Kifua chake kiliendelea kuharibika. Ni vumbi la mawe, alivyoambiwa, limeingia na haliwezi kutoka. Ukilipiga hesabu ya kikatili, sehemu kubwa ya vumbi lile ilitokana na majina ya waheshimiwa. Alimwachia binti yake karakana, binti ambaye amejifunza kazi tangu akiwa msichana na ambaye wateja hadi leo wanamuuliza fundi yuko wapi, naye huwajibu kwa kugonga tindo. Fundi mwenyewe akarudi milimani kutafuta hewa. Alhamisi baada ya swala ya alfajiri pumzi ikamkatika. Nyumba yake iko karibu sana na lile boma. Ukiwa uani unaliona. Kama kungekuwa na paa, kitanda, muuguzi na mtungi wa hewa, angepelekwa kwa miguu. Hakukuwa na hata kimoja. Jirani alimpakia kwenye pikipiki, mwingine akakaa nyuma kumshikilia, wakapita mbele ya jiwe lake mwenyewe wakielekea kwenye lami. Hawakufika. Alifia njiani, ameegemea mgongo wa jirani, na jirani huyo aliniambia kwamba aliendelea kuendesha kwa muda mrefu akimsemesha.

Tulimzika vizuri. Kaburi lake ni udongo tu na kijiti kichwani, bila jiwe wala herufi, kama alivyousia na kama dini yake inavyopenda. Siku ya tatu ikawa hitima, nami nikabaki, kofia ya kinyozi ingali kichwani. Dua ilipokwisha na watu wakingoja chakula, tukasikia magari. Mheshimiwa akashuka na msafara, akakalishwa kwenye kiti wakati sisi tuko kwenye mikeka, akaomba kusema machache. Hayakuwa machache. Alimsifu marehemu kwa uzalendo. Alisema wao wawili walikuwa wamejenga mkoa huu pamoja, mmoja kwa fikra na mwingine kwa mikono. Kisha akatoa leso, akajifuta jicho lililokuwa kavu, akatangaza kwamba zahanati ile itapewa jina la marehemu, na kwamba mwezi ujao atarudi yeye mwenyewe kuweka jiwe jipya la msingi. Nawaapia, jiwe jipya la msingi. Ukutani, hatua chache kutoka alipoketi, lile la zamani lilikuwa linaonekana, na mbuzi wawili wamejilaza chini yake kivulini.

Akageuka kumtafuta binti. "Na nitafurahi," alisema, "jiwe hilo likichongwa na mwanangu huyu, mrithi wa mzee wetu." Binti alikuwa na wanawake wenzake karibu na sufuria. Akasimama, akafunga vizuri ushungi wake, akajibu kwa heshima zote, sauti ya chini kiasi kwamba tulilazimika kunyamaza ili tumsikie. "Shikamoo mheshimiwa. Tunashukuru umekuja kutupa pole. Ila jiwe tunalo. Marehemu alishalichonga, jina lako limo. Sisi tunaomba mabati." Wanaume tulitazama mikeka. Shehe akaanza kusoma tasbihi kwa kasi. Kutoka upande wa sufuria kikapigwa kigelegele kimoja tu, cha bibi mmoja mzee sana, msibani, mahali ambapo hakipigwi kabisa, na hakuna aliyemkemea. Mheshimiwa akatabasamu kwa meno, akasema ombi limechukuliwa, msaidizi akaandika kitu kwenye daftari, magari yakaondoka kabla ya pilau.

Nilidhani yameisha. Jumanne msaidizi akampigia binti simu karakanani, nami nilikuwepo, nimekaa juu ya ndoo ile ile. Alitaka jiwe liwe kubwa kuliko la kwanza, vyeo vyote viwepo, na kuna kimoja kimeongezeka. Binti akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwambia kwamba atachonga, na hataki hata senti. Kazi yao inatozwa kwa herufi, akasema, kama ilivyokuwa enzi za baba yake, ila safari hii malipo ni bati moja kwa kila herufi, la bluu, lishushwe kijijini mbele ya watu, na jiwe litafungwa ukutani siku ambayo yeye akitazama juu hataona mawingu. Akakata simu. Tukachukua ile karatasi ya kaki ya jiwe la kwanza la zahanati, tukaitandaza sakafuni, tukaanza kuhesabu. Mheshimiwa, Daktari, Mhandisi, mlezi, mlezi, mlezi, mlezi. Mabati yakatosha kupaua zahanati nzima, nyumba ya muuguzi na choo, na yakabaki ya kuezekea banda la wagonjwa kungojea. Mara ya kwanza tangu Alhamisi nilimwona binti yule akicheka. Nami nikatambua kwamba miaka yote nimevidharau vyeo vile bila kujua vinaweza kumfaa mtu.

Nilichojifunza kwa marehemu ni kidogo, nanyi mnaweza kukitumia mkialikwa kwenye sherehe kama zile. Usianze kusoma ukutani. Tazama juu kwanza. Na lori likitaka kuondoka na mabati yenu kwa ajili ya usalama, msilisukume. Marehemu alikosea alipodhani jina likizamishwa sana litamtia mtu haya, na kosa hilo limemgharimu pumzi aliyohitaji asubuhi moja tu. Bintiye hakurudia kosa. Yeye hategemei haya ya mtu. Anadai paa kwanza, herufi baadaye.

Jana mchana msaidizi alipiga tena. Alisema mheshimiwa amelifikiria suala hilo kwa kina, na ameuliza kama itawezekana jiwe liandikwe jina lake moja tu, la kwanza, bila cheo chochote.